Kushusha pikipiki

Kushusha pikipiki ni kupunguza kimo cha pikipiki kutoka ardhini kwa kurekebisha shokapu zake, yaani vile vifaa vya springi na oili vinavyopokea mishtuko ya barabara. Sababu kubwa ni kumwezesha mwendeshaji mfupi kukanyaga chini kwa miguu yote miwili anaposimama. Katika nchi zenye lami nyingi wako pia wanaoshusha kwa ajili ya sura, au kwa mashindano ya kukimbia kwenye mstari ulionyooka.

Nchini Tanzania kazi hii hufanywa zaidi kwenye pikipiki za zamani zilizotengenezwa kwa njia mbovu, ambazo viti vyake viko juu. Makala hii inaieleza kwa kuangalia mazingira ya Mkoa wa Singida. Huko njia za mchanga, makorongo na mawe hufanya kosa la milimita chache lionekane mapema, na mara nyingi gharama yake huwa ni mguu au bega la mwendeshaji.

Pikipiki zinazohusika

Pikipiki ndefu zilizozoeleka vijijini ni kama Honda XL125 na Yamaha DT125. Kwa miaka mingi zilinunuliwa na idara za serikali, mashirika ya dini na miradi ya maendeleo kwa ajili ya watumishi wanaozunguka vijijini, yaani wauguzi wa chanjo, mabwana na mabibi shamba, waratibu wa elimu wa kata. Zikichoka huuzwa kwa watu binafsi na kuendelea kutumika kwa spea za kuungaunga. Nyingi zina gurudumu la mbele la inchi 21, shokapu ndefu, na kiti kilicho zaidi ya milimita 800 kutoka ardhini.

Mtu mwenye kimo cha sentimita 155 ana miguu ya takriban sentimita 70 ikipimwa kwa ndani. Akikaa kwenye kiti cha sentimita 82, pikipiki huzama kidogo kwa uzito wake, lakini bado atagusa chini kwa ncha za vidole tu, tena upande mmoja. Kwenye lami hilo huzoeleka. Kwenye mchanga, au anaposimama mahali ambapo ardhi upande mmoja ni shimo, mguu hukosa pa kukanyaga na pikipiki humlalia. Wanawake wengi waliokabidhiwa pikipiki za kazi wamepata tabu hii, si kwa sababu hawajui kuendesha bali kwa sababu chombo kilipimwa kwa miguu ya mtu mwingine.

Pikipiki nyingi za bodaboda, kama Bajaj Boxer, TVS na zile za Kichina zilizoenea tangu miaka ya 2000, ni fupi zaidi. Nyingi za Kichina zinatumia injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, pikipiki iliyotolewa mwaka 1976. Kwa kawaida hazina haja ya kushushwa. Abiria na mizigo huzishusha vya kutosha.

Shokapu na kazi yake

Shokapu za mbele za pikipiki nyingi ni mabomba mawili yanayoingiana, ndani yake mna springi na oili. Pikipiki za kwanza kuuzwa zikiwa na mabomba ya namna hiyo yenye kutulizwa na oili zilikuwa BMW R12 na R17 za mwaka 1935. Nyuma, gurudumu hushikwa na mkono wa chuma unaopanda na kushuka, na kati ya mkono huo na fremu hufungwa shokapu mbili, moja kila upande. Katika miaka ya 1970 Yamaha ilianza kutumia shokapu moja tu ya nyuma, iliyolazwa chini ya kiti, na mpango huo uliingia kwenye pikipiki za DT.

Springi na oili zina kazi tofauti, na kuzichanganya ndiko chanzo cha ukarabati mwingi mbaya. Springi hubeba uzito. Hufuata kanuni ya Robert Hooke inayofundishwa sekondari: kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo springi inavyozidi kubonyea kwa kiasi kilekile. Oili haibebi uzito wowote. Kazi yake ni kupita kwenye matundu madogo na kuizuia springi isirukeruke baada ya kubonyezwa. Pikipiki inayodunda mara nne au tano baada ya shimo moja ina springi nzima na oili iliyokwisha au sili iliyopasuka.

Mwendeshaji anapokaa, shokapu huzama kiasi. Kuzama huko si kasoro. Gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka ndani ya shimo kama linavyohitaji nafasi ya kupanda juu ya jiwe. Kipimo kinachokubaliwa na mafundi wengi ni kuzama karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Ikiwa gurudumu la nyuma linaweza kusogea milimita 150, basi milimita 45 hadi 50 zitumike kwa uzito wa mwendeshaji, na zinazobaki ziachiwe barabara. Hupimwa kwa futi ya kawaida: pikipiki ikiwa juu ya stendi na gurudumu likining'inia, hupimwa urefu kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyowekwa kwenye fremu juu yake, kisha mwendeshaji hukaa na kipimo hurudiwa. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kuzama.

Kwa hiyo kabla ya kushusha chochote ni lazima kujua kama pikipiki ina hitilafu. Pikipiki ya zamani ambayo springi zake zimechoka tayari imeshuka yenyewe. Ukiishusha zaidi, utakuwa umeongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Pembe ya usukani

Shokapu za mbele hazisimami wima. Zimelala kwa pembe ambayo kwa pikipiki za kawaida ni kati ya nyuzi 24 na 30. Mstari wa usukani ukirefushwa hadi chini, hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa. Umbali kati ya alama hizo mbili huitwa hapa umbali wa kufuata, kwa kuwa tairi hulifuata lile tundu la mbele kama gurudumu dogo la toroli linavyofuata mhimili wake. Kwa pikipiki nyingi ni milimita 80 hadi 120, na ndio unaoifanya pikipiki ijinyooshe yenyewe baada ya kuyumba.

Mtu akishusha mbele tu, pembe hupungua na umbali wa kufuata hupungua pia. Usukani huwa mwepesi, na pikipiki hutikisika kichwa kwenye mwendo mkubwa au mchangani. Akishusha nyuma tu, mambo hugeuka: usukani huwa mzito, pikipiki hukataa kukata kona, na gurudumu la mbele hukosa uzito wa kulishikiza chini.

Ukubwa wa mabadiliko haya unaweza kukadiriwa. Pikipiki yenye milimita 1285 kati ya ekseli mbili, ikishushwa milimita 25 upande mmoja tu, pembe yake hubadilika kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1. Kwa tairi la kawaida hiyo hubadilisha umbali wa kufuata kwa takriban milimita 6. Hilo huvumilika. Milimita 60 upande mmoja hazivumiliki, na wapo wanaofanya hivyo.

Kuna hesabu nyingine inayosahauliwa. Kiti kiko kati ya magurudumu mawili, karibu zaidi na la nyuma. Kushusha nyuma peke yake milimita 25 hakushushi kiti milimita 25, bali kama milimita 17. Mwendeshaji hukuta hakijashuka alivyotaka, akaomba kishushwe tena, na pembe ikazidi kuharibika. Ni bora kushusha pande zote mbili kwa kiasi kimoja, maana hapo kiti hushuka kwa kiasi hichohicho na pembe hubaki ilivyokuwa.

Kushusha mbele

Njia rahisi ni kulegeza bolti za vishikio viwili vinavyobana mabomba ya shokapu chini ya usukani, kuyapandisha mabomba yachomoze juu, kisha kukaza tena. Fremu hushuka, na hakuna kitu kinachokatwa. Pikipiki huwekwa juu ya kreti au gogo chini ya injini ili mbele pasiangukie fundi. Mabomba mawili lazima yachomoze sawasawa. Hata tofauti ya milimita 2 hufanya ekseli ikae upande.

Mwisho wa njia hii ni milimita 10 hadi 25 kwa pikipiki nyingi. Mwendo wa shokapu haujapunguzwa, kwa hiyo gurudumu bado hupanda kiasi kilekile huku fremu imelisogelea. Pikipiki ikiingia shimo kubwa, tairi linaweza kugonga madigadi, au madigadi ikagonga honi na kishikio cha chini. Fundi makini hutoa springi, hubonyeza shokapu hadi mwisho na kuangalia kama pamebaki nafasi ya angalau vidole viwili. Kipimo hiki huchukua nusu saa, na ndicho kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote.

Njia ya pili ni ya ndani. Bomba hufunguliwa, na kipande cha bomba dogo huwekwa kwenye fimbo ya katikati, chini ya springi ndogo inayozuia shokapu isigonge inaporefuka. Urefu wa kipande hicho ndio urefu utakaoshuka. Kiasi hichohicho hupunguzwa kwenye kipande cha juu kinachokandamiza springi kubwa, ili springi isikazwe kupita kiasi. Hapa mwendo wa shokapu hupungua pamoja na kimo, kwa hiyo tairi haligongi kitu. Ni kazi ndefu, lakini ni safi.

Oili ni lazima ibadilishwe wakati huo, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji na sawa pande zote mbili. Gereji nyingi hutia oili ya injini ya namba 40 kwa sababu ndiyo iliyopo. Ni nzito mno. Shokapu huchelewa kurudi, na kwenye njia ya matuta ya mfululizo, yale yanayofanana na bati la mgongo, hubaki imebonyea tuta baada ya tuta. Oili ya shokapu ya namba 10 hutosha kwa pikipiki nyingi ndogo, na ikikosekana, oili ya gia za otomatiki iko karibu nayo kwa wepesi.

Kushusha nyuma

Shokapu mbili za nyuma zina pete yenye ngazi tatu hadi tano inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Kuilegeza hadi ngazi ya chini hushusha kiti kidogo mara mwendeshaji anapokaa, nayo ni hatua ya kwanza kujaribiwa kwa kuwa haina gharama. Lakini pete hiyo iliwekwa kwa ajili ya mzigo. Anayeilegeza ili afike chini akiwa peke yake, kisha akapakia gunia la alizeti lenye kilo 60 na zaidi, atasikia madigadi ikikwaruza tairi kabla hajatoka kijijini.

Njia sahihi ni kununua shokapu fupi zaidi. Hupimwa kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Zilizosimama karibu na ekseli hushusha fremu kwa kiasi kinachozidi kidogo upungufu wao: ya milimita 320 mahali pa ile ya 340 hushusha nyuma zaidi kidogo ya milimita 20. Kwa pikipiki yenye shokapu moja ya kati hesabu ni tofauti kabisa. Shokapu iko mbali na ekseli, hivyo gurudumu husogea mara mbili au zaidi ya shokapu. Milimita 10 zilizopunguzwa huko huwa 20 au 30 kwenye gurudumu. Fundi aliyezoea shokapu mbili anaweza kushangaa tairi likigusa chini ya kiti.

Urefu si kitu pekee cha kuangalia dukani. Shokapu fupi ya pikipiki nyepesi ina springi laini, na ikifungwa kwenye chombo kizito huzama mpaka mwisho kila siku. Matundu yake nayo lazima yalingane na bolti. Bushi iliyotobolewa ikaachwa na uchezo huila bolti ikawa nyembamba kama msumari.

Wako wachomeleaji wanaohamisha kishikio cha shokapu kwenye mkono wa nyuma badala ya kununua shokapu. Mkono huo ni bomba jembamba linalobeba uzito wote wa nyuma, na kiungo kilichochomelewa vibaya hupasuka taratibu chini ya rangi. Kazi hiyo haistahili kufanywa kando ya barabara.

Kukata springi

Hii ndiyo njia mbaya kuliko zote na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Springi hutolewa, mizunguko miwili hukatwa kwa gurudumu la kukatia au kwa moto wa gesi, kisha hurudishwa. Wengi hudhani springi iliyokatwa ni laini zaidi kwa kuwa ni fupi. Ni kinyume chake. Ugumu wa springi huongezeka kadiri mizunguko inayofanya kazi inavyopungua: springi ya mizunguko 10 ikibaki na 8, huwa ngumu kwa asilimia 25 zaidi. Mwendeshaji hupata kiti cha chini na mgongo unaouma.

Ubaya wake hauishii hapo. Mwisho wa springi ya kiwandani umesagwa ukawa bapa ili ukae vizuri kwenye sahani yake. Mwisho uliokatwa husimama kwa ncha na kuisukuma fimbo upande, na sili huanza kuvuja. Moto wa gesi huondoa ugumu wa chuma mahali ulipopita, na hapo ndipo springi itakapovunjika. Tena, shokapu yenyewe haijafupishwa. Gurudumu linapodondoka shimoni, shokapu hurefuka kuliko springi, springi hulegea ndani, kisha hugonga inaporudi.

Shokapu zenye gesi ya naitrojeni ndani yake hazipaswi kukatwa, kutobolewa wala kupashwa moto kwa sababu yoyote.

Baada ya kushusha

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mwenye pikipiki ni stendi ndogo ya pembeni. Sasa ni ndefu mno, pikipiki husimama karibu wima, na upepo wa Singida huiangusha upande wa pili. Hufupishwa kwa kukata kipande na kuchomelea upya, na hapa kuchomelea hakuna hatari kubwa. Stendi ya kati, kama ipo, huhitaji nguvu zaidi kuipandisha.

Cheni lazima ipimwe upya. Mkono wa nyuma na sproketi ya mbele havizunguki kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo cheni hukaza na kulegea mkono unapopanda na kushuka. Hukaza zaidi pale ekseli ya nyuma, mhimili wa mkono na sproketi ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ulegevu hupimwa hapo, vinginevyo cheni itavutwa hadi ikatike au iharibu beringi ya gia. Taa kubwa ya mbele nayo hurekebishwa, hasa kama nyuma pameshushwa zaidi, maana itamulika macho ya wanaokuja.

Halafu kuna nafasi ya chini ya injini. Kila milimita iliyoshushwa inatoka huko. Barabara kuu za Singida, ile ya kutoka Dodoma kupitia Manyoni kwenda Nzega na ile ya Babati, ni za lami, na mtu anayeishi kwenye lami anaweza kushusha milimita 30 asijute. Njia za ndani ni habari nyingine. Karibu na mji yako mawe ya itale yaliyochomoza katikati ya njia. Kuzunguka Itigi ni mchanga, ambao magari huuchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati linalokwaruza injini. Upande wa Iramba, katika bonde la Wembere, udongo mweusi wa mbuga hunata wakati wa masika na kujaza nafasi kati ya tairi na madigadi. Pikipiki iliyoshushwa, yenye nafasi ndogo pale, hukwama mapema kuliko nyingine. Mteremko wa Sekenke kuelekea Shelui nao ni kipimo kingine: breki ya mbele ikishikwa kwa muda mrefu huzamisha shokapu za mbele, na kwa pikipiki iliyoshushwa mbele peke yake, pembe iliyokwisha kupungua hupungua tena, usukani ukawa mwepesi pale ambapo mtu anauhitaji uwe mzito.

Kupunguza kiti

Kwa mwendeshaji anayehitaji sentimita 2 au 3 tu, mara nyingi shokapu hazina haja ya kuguswa. Fundi wa viti hutoa kitambaa, hukata sponji na kurudisha. Muhimu zaidi ni kupunguza sponji ya pembeni, pale mapaja yanapopita: kiti chembamba mbele huruhusu miguu kushuka wima badala ya kutanuka, na mtu hupata chini sentimita ambazo hazikukatwa juu. Pembe, cheni, stendi na nafasi ya injini hubaki vilevile, na kiti kikiharibika hujazwa upya. Sponji isikatwe hadi chuma. Kwenye safari ya Singida hadi Kiomboi mwendeshaji atakijua kila kibanzi cha fremu.

Kubadilisha rimu kwa ndogo ni njia nyingine inayotajwa. Rimu ya inchi 17 badala ya 18, tairi likiwa na unene uleule, hushusha ekseli kwa milimita 12.7. Kama spidomita inasoma kutoka kwenye gurudumu hilo, itaonyesha mwendo mkubwa kuliko halisi.

Sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe katika hali salama, na polisi wa usalama barabarani wana mamlaka ya kukikagua. Shokapu inayovuja, kiungo kilichochomelewa ovyo au taa inayomulika juu vinatosha kukifanya chombo kionekane kibovu. Kwa pikipiki ya idara au taasisi, mtumishi anayekabidhiwa hana uhuru wa kuikata wala kuichomelea, kwani ni mali ya mwajiri. Kupandisha mabomba ya mbele, kulegeza pete ya nyuma na kupunguza sponji ndiyo marekebisho yanayoweza kurudishwa kama yalivyokuwa siku ya kukabidhi, mradi kipande cha sponji kilichokatwa kimehifadhiwa.